Damu ya Mtoto Ikishuka Wakati wa Kemo: Virutubisho vya Nyongeza, Hatua kwa Hatua

Karatasi ya majibu ikisema chembe za damu zimeshuka, na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ikaahirishwa kwa wiki moja, mzazi hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake mwenyewe. Dawa za saratani haziko mikononi mwake, wala sindano, wala mashine. Kilicho karibu ni chakula, na rafu ya vitamini kwenye duka la dawa. Hamu hiyo inaeleweka na si ya kubezwa. Tatizo ni kwamba kwenye rafu hiyo kuna vitu vinavyovuruga matibabu, na vingine vinaweza kuishusha damu ileile uliyotaka kuipandisha.

Kabla ya kuuliza umpe nini, uliza kwanza: kimepungua nini, na nani amekipima? Hatua zilizoko hapa chini zimepangwa kwa kufuata swali hilo. Hazichukui nafasi ya timu inayomtibu mtoto. Zinakuandaa uongee nayo ukiwa unajua unachouliza.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya majibu

Kipimo cha picha kamili ya damu kina mistari mingi, lakini kwa shughuli yako mitatu inatosha.

Wa kwanza ni hemoglobini, inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Ikishuka, mtoto anapauka, anachoka upesi, moyo unamwenda mbio. Wa pili ni chembe nyeupe, na ndani yake hasa neutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria. Wa tatu ni chembe sahani, ambazo wengi wodini huziita platileti. Hizo ndizo zinazozuia damu kuvuja.

Neutrofili unaweza kuzipigia hesabu mwenyewe. Chukua idadi ya chembe nyeupe, zidisha kwa asilimia ya neutrofili, gawanya kwa 100. Mtoto mwenye chembe nyeupe 2,000 kwa mikrolita, neutrofili asilimia 30, ana neutrofili 600. Maabara nyingine huandika 2.0 badala ya 2,000. Ni kitu kilekile, wamehesabu kwa maelfu. Chini ya 1,500 kwa kawaida huhesabiwa kuwa pungufu. Chini ya 500, hatari ya maambukizi makali ni kubwa na masharti ya homa yaliyo mwishoni mwa mwongozo huu hayana mjadala.

Andika namba hizo kwenye daftari kila zinapotoka, pamoja na siku ngapi zimepita tangu kemo ya mwisho. Sababu utaiona sasa hivi.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini zimeshuka

Chembe za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Dawa nyingi za kemo hushambulia chembe zinazogawanyika haraka, na uboho ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazogawanya chembe kwa kasi kubwa kuliko zote. Saratani inapigwa, na uboho unapigwa pamoja nayo. Ni kiwanda kilichozimiwa umeme: kurundika malighafi mlangoni hakukiwashi. Umeme ukirudi, ndipo malighafi inapohitajika, na ndiyo maana chakula bado kina kazi yake, kama tutakavyoona.

Chembe hazishuki kwa pamoja kwa sababu umri wake unatofautiana. Neutrofili hukaa kwenye damu kwa saa chache tu, hivyo upungufu wake huonekana mapema. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo hemoglobini huteremka polepole. Kwa dawa nyingi, damu hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo, kisha hupanda yenyewe kuelekea wiki ya tatu au ya nne. Zipo zinazochelewa: lomustini, kwa mfano, huweza kuishusha damu mpaka wiki ya nne hadi ya sita.

Ratiba hii ndiyo inayozaa sifa za uongo. Mtoto anapewa juisi fulani siku ya 12, damu ikiwa chini. Siku ya 19 anapimwa, imepanda. Juisi inapewa sifa, habari inasambaa, na hakuna aliyesema uongo: mama amesimulia alichokiona. Lakini damu ingepanda siku hiyo hata kwa maji matupu. Daftari lako likiwa na mizunguko miwili au mitatu, utaiona ngazi hiyo ikijirudia bila kitu chochote cha nyongeza, na hapo hutayumbishwa kirahisi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi huelezwa haraka-haraka tu. Kwa leukemia ya limfu, aina ya saratani ya damu, katika ile awamu ndefu ya mwisho ya vidonge vya kemo vya merkaptopurini na methotreksati, itifaki nyingi, yaani mipango rasmi ya matibabu, hupanga dozi makusudi ili neutrofili zibaki chini ya kawaida, mathalani kati ya 500 na 1,500. Damu iliyo juu sana katika awamu hiyo inaweza kumaanisha dozi haitoshi, au vidonge havimezwi. Mzazi anayehangaika "kuipandisha" anapigana na lengo la daktari bila kujua.

Vinavyopandisha damu kweli ni vichache. Muda. Kuongezewa chembe nyekundu au chembe sahani. Sahani mara nyingi huongezwa zikishuka chini ya 10,000, au mapema zaidi mtoto akivuja damu. Sindano ya filgrastimu, inayohimiza uboho kutoa neutrofili, ambayo hutumika kwa baadhi ya saratani na baadhi ya mipango ya dawa tu. Na kupunguza au kuahirisha dozi. Yote hayo ni maamuzi ya timu.

Muulize pia daktari kama kuna sababu nyingine zaidi ya kemo: maambukizi, bandama iliyovimba, ugonjwa wenyewe ndani ya uboho, au dawa nyingine. Septrini, inayotolewa kumkinga mtoto na nimonia ya *Pneumocystis*, inaweza kuchangia kushusha chembe. Usiisimamishe mwenyewe; nimonia hiyo ni hatari kuliko namba iliyoshuka. Uliza tu.

Hatua ya 3: Pengo lipimwe

Hapa ndipo kirutubisho cha nyongeza kinapopata uhalali wake. Mtoto anaweza kuwa na upungufu wa kweli wa madini chuma, vitamini B12, folati, vitamini D, zinki au shaba, ama kwa sababu aliingia kwenye matibabu tayari akiwa na lishe duni, ama kwa kutapika na kuharisha kwa muda mrefu. Uliza vipimo gani vinapatikana na vipi vina maana kwa mtoto wako. Si lazima vyote.

Pamoja na maabara, kuna vipimo vya bure ambavyo nadhani vinapuuzwa mno: uzito, urefu, na mzunguko wa mkono wa juu. Uzito peke yake hudanganya. Mtoto mwenye uvimbe mkubwa tumboni, kama saratani ya figo, anaweza kuonekana na uzito mzuri huku misuli imekwisha. Mwenye kutumia dawa za steroidi anaweza kuvimba kwa maji na mafuta. Utepe wa mkononi hauhadaiki kirahisi hivyo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Huyo anahitaji mpango wa lishe wa hospitali leo, chupa ya vitamini haitamtosha.

Kuhusu chuma, simama kidogo, kwa sababu hapa makosa ni mengi. "Damu imepungua, apewe dawa ya kuongeza damu" ni mazoea ya kawaida, na dawa hiyo huwa ni chuma. Lakini mfuko mmoja wa chembe nyekundu unaoongezewa mtu una miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya makusudi ya kukitoa kilichozidi. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na chuma cha ziada kinachojikusanya kwenye ini na moyo. Kumwongezea cha vidonge ni kumzidishia mzigo. Kipimo cha akiba ya chuma ni ferritini, nacho kina hila: hupanda pia wakati wa homa na uvimbe, hivyo namba ya juu haimaanishi moja kwa moja kwamba chuma kimezidi, na iliyo katikati haimaanishi kwamba hakijapungua. Daktari hukisoma pamoja na vipimo vingine. Kwa kifupi, chuma hakitolewi kwa kubahatisha.

Hatua ya 4: Chakula kwanza, na kwa ujanja

Uboho unapoamka kutoka kwenye kipigo cha kemo unahitaji protini, nishati, na vitamini za kutosha. Mtoto mwenye utapiamlo huvumilia kemo kwa shida zaidi, hupata maambukizi zaidi, na matibabu yake huahirishwa mara nyingi zaidi. Chakula hakitazuia chembe kushuka siku ya 10, ila kinaamua mtoto ataikabili siku hiyo akiwa na akiba gani mwilini.

Protini ni yai, samaki, nyama, maziwa, maharage, karanga zilizosagwa. Anayekula vijiko vitano tu apewe vijiko vitano vyenye uzito: uji uliochanganywa na maziwa ya unga na siagi ya karanga, kijiko cha mafuta kwenye wali au viazi vilivyopondwa, yai lililoiva likakorogwa ndani ya supu. Milo midogo sita inamezeka kuliko mitatu mikubwa. Maji mengi kabla ya kula hujaza tumbo bure.

Kemo hubadilisha ladha. Nyama inaweza kumkera kwa kuonja chuma. Jaribu kijiko cha plastiki, au hamia kwenye mayai na maharage kwa wiki hiyo. Chakula cha baridi hakina harufu kali, hivyo humpunguzia kichefuchefu. Kama ameandikiwa ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, muulize muuguzi ampe muda gani kabla ya mlo. Nusu saa ndiyo ya kawaida. Akiwa na vidonda mdomoni, ondoa ndimu, chumvi kali, pilipili na vitu vikavu. Vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, hufunga choo: maji, matunda, na dawa ya kulainisha choo iliyoandikwa na daktari. Usimwekee chochote kwa njia ya haja kubwa, maana mchubuko mdogo pale unaweza kuingiza bakteria kwenye damu. Na usilazimishe chakula anachokipenda siku anayotapika sana, atakichukia miezi.

Vinywaji maalumu vyenye kalori nyingi, vile vya kilokalori 1 au 1.5 kwa kila mililita, na vyakula tiba vya paketi vya watoto wenye utapiamlo, ndivyo ningevitetea kuliko chupa yoyote ya vitamini. Vina nishati, protini na vitamini kwa vipimo vinavyojulikana. Hata hivyo, vina folati na madini ndani yake, kwa hiyo timu ijue ni kipi unampa. Na akishindwa kula kabisa, mpira wa kulishia unaopitia puani si adhabu wala dalili kwamba umeshindwa ulezi. Watoto wengi hupumua kwa raha vita vya mezani vikiisha.

Tahadhari moja ya mwanzoni mwa matibabu: leukemia au limfoma (saratani ya tezi) yenye chembe nyingi inapoanza kuvunjwa, potasiamu na fosfati humwagika kwenye damu na huweza kuuvuruga moyo na figo. Katika siku hizo timu inaweza kukataza hata vyakula vinavyosifiwa, pamoja na unga wowote wa virutubisho. Tii, ni kwa siku chache.

Hatua ya 5: Pitia kirutubisho kimoja kimoja

*Folati, au asidi ya foliki.* Hiki ndicho cha kuogopa zaidi kwa sababu kimo kimyakimya ndani ya karibu kila multivitamini na "dawa ya kuongeza damu". Methotreksati hufanya kazi kwa kuzinyima chembe za saratani folati. Historia yake inaeleza yote: mwanzoni daktari Sidney Farber wa Boston aliona folati kama inauchochea ugonjwa kwa watoto wenye leukemia; akageuza mkondo, akawapa aminopterini inayoizuia folati, na mwaka 1948 akachapisha kwamba kwa baadhi yao ugonjwa ulirudi nyuma kwa muda. Methotreksati ni ndugu wa dawa hiyo. Kumpa mtoto folati bila ruhusa katikati ya matibabu hayo ni kumsaidia adui. Usiichanganye na asidi ya foliniki, iitwayo pia leukovorini: hiyo ni dawa inayotolewa kwa saa maalumu baada ya methotreksati ya dozi kubwa ili kuokoa chembe zenye afya. Ikiwahi au ikizidi, inaokoa na zile za saratani.

*Vitamini B12.* Upungufu wake hushusha damu kweli, na hutibika vizuri ukithibitishwa. Bila upungufu, haiongezi kitu.

*Zinki.* Inasifiwa kwa kinga na hamu ya kula. Ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na wa neutrofili, yaani tatizo lilelile ulilokuwa unalikimbia. Kwa viwango vya Marekani, kikomo cha siku ni miligramu 7 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na miligramu 12 kwa wa miaka 4 hadi 8. Kidonge cha mtu mzima kinaweza kuwa na 50. Zinki ya kuharisha, inayotolewa kwa siku 10 hadi 14, ni matibabu mafupi yenye mwisho. Iishie hapo.

*Vitamini D.* Watoto wengi wenye saratani huwa nayo kidogo, na steroidi pamoja na methotreksati hudhoofisha mifupa. Hii mara nyingi ina sababu nzuri ya kutolewa baada ya kupimwa. Ila ijulikane kazi yake ni mifupa. Usitegemee ipandishe chembe.

*Vitamini C ya dozi kubwa.* Tunda ni sawa. Vidonge vya miligramu 1,000 ni jambo jingine: huweza kuufanya mkojo uwe na asidi, ilhali methotreksati ya dozi kubwa inahitaji mkojo usio na asidi ili itoke kwenye figo salama. Huongeza pia ufyonzaji wa chuma, na umeshaona habari za chuma.

*Vitamini A.* Mtoto mwenye neuroblastoma, saratani ya chembe changa za neva, anayepewa isotretinoini, au mwenye leukemia ya promielositi anayepewa tretinoini, tayari anameza dawa za ukoo wa vitamini A. Kumwongezea nyingine ni kumpeleka kwenye sumu. Mafuta ya ini la samaki yamejaa vitamini hii.

*Mafuta ya samaki, vitamini E nyingi, vidonge vya kitunguu saumu, ginko.* Vyote vinahofiwa kuongeza uvujaji wa damu. Chembe sahani zikiwa 20,000 si wakati wa kufanya majaribio.

*Probiotiki.* Ni bakteria au hamira hai. Mtoto asiye na neutrofili, mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu na utumbo uliochubuka, anaweza kuambukizwa na hao hao "bakteria wazuri". Imeshatokea na imeandikwa. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa ulizie kivyake.

*Bitiruti na majani ya mpapai.* Bitiruti ni mboga nzuri na wekundu wake ni rangi tu. Majani ya mpapai yalipata umaarufu kwa chembe sahani za homa ya dengue, ugonjwa ambao chembe hushuka kwa sababu tofauti na hurudi zenyewe homa ikipita. Sifa hiyo haihamishiki kwenye uboho uliopigwa na kemo.

*Unga wa mitishamba na mchanganyiko usiotajwa.* Hapa sina upole. Mmea wa hiperikumu, unaouzwa kwa ajili ya huzuni na usingizi, hulifanya ini livunje dawa za saratani kama imatinibu na irinotekani haraka mno, zikapungua nguvu. Manjano ya vidonge, tofauti na yale ya kiungo cha mchuzi, yamehusishwa na kuumia kwa ini. Unga uliokaushwa vibaya hubeba ukungu, na ukungu kwenye mapafu ya mtoto asiye na kinga huua. Baadhi ya michanganyiko imekutwa na metali nzito au steroidi iliyofichwa. Steroidi huongeza hamu ya kula na kuchangamsha, kwa hiyo inaonekana "inafanya kazi".

Hatua ya 6: Peleka chupa, usipeleke jina

Ukiletewa kitu, usikitupe na usikifungue. Piga picha pande zote za kibandiko, au kibebe chenyewe kliniki. Majina ya kibiashara hufanana, yaliyomo hayafanani. Tafuta orodha ya viambato, kiasi kwa kila dozi, na kipimo chake: miligramu moja ni mikrogramu 1,000, na vitamini D mikrogramu 10 ni sawa na yuniti 400. Kukosea hapo ni kukosea mara elfu.

Muulize mfamasia wa saratani au daktari maswali haya kwa maneno yako: Hiki kinagongana na dawa gani kati ya hizi anazotumia? Kinaziba pengo gani lililoonekana kwenye vipimo? Tuanze siku gani ya mzunguko, tusimamishe lini kabla ya kemo inayofuata? Tutajuaje kimesaidia? Kama swali la pili halina jibu, mengine hayana haja.

Na kama tayari ulishaanza kumpa kitu bila kusema, sema leo. Timu ikikuta ini limeharibika au methotreksati haitoki mwilini, ikiwa haijui habari ya chupa ile, inaweza kupunguza dozi ya kemo isiyo na hatia. Daktari akikufokea, mfoko utapita; taarifa itabaki kwenye faili.

Hatua ya 7: Ukiruhusiwa, anza kimoja

Kimoja kwa wakati. Ukianza vitatu siku moja na mtoto akapata vipele, hutajua cha kulaumu. Andika kwenye daftari: jina, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kupima tena. Tumia bomba la kupimia mililita, kijiko cha jikoni si kipimo. Usiongeze dozi kwa sababu "ni vitamini tu".

Dawa za saratani za mdomoni zitangulie siku zote. Kila kidonge cha ziada ni ugomvi wa ziada, na mtoto akichoka kumeza, kitakachotemwa kinaweza kuwa merkaptopurini. Hiyo ndiyo hasara nisiyoiona ikiandikwa kwenye chupa yoyote.

Chuma kikiwa ndani ya nyumba kifungiwe. Vidonge vyake hufanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, awe mgonjwa au ndugu yake mzima.

Hatua ya 8: Damu ikiwa chini, linda mdomo na pima joto

Wakati neutrofili ziko chini, usafi wa chakula una faida kuliko kirutubisho chochote. Nawa mikono kwa sabuni, pika nyama na samaki mpaka waive kabisa, yai liwe gumu, maziwa yachemshwe, matunda yaoshwe vizuri au yamenywe. Kiporo kilicholala nje kimwagwe. Chini ya mwaka mmoja, asali hapana. Lakini huna haja ya kumnyima matunda na mboga zote mbichi kwa hofu: utafiti uliolinganisha mlo huo mkali na usafi wa kawaida wa chakula kwa watoto wenye saratani haukuona maambukizi yakipungua, na mlo huo huwachosha.

Kaa na kipimajoto, cha kwapani au mdomoni. Vituo vingi huhesabu nyuzi 38 zinazodumu saa moja, au 38.3 hadi 38.5 hata mara moja, kuwa dharura; shika namba uliyopewa na kituo chako na uibandike ukutani. Usimpe parasetamoli kabla ya kupiga simu, inaficha homa. Aspirini na ibuprofeni hapana, zinadhoofisha chembe sahani. Nenda hospitali usiku huohuo: lengo ni antibiotiki iingie mshipani ndani ya saa moja tangu afike. Mlangoni taja mambo manne kwa mpigo: mtoto yuko kwenye kemo, ya mwisho ilikuwa tarehe hii, neutrofili za mwisho zilikuwa kadhaa, na ana mrija au hana. Beba daftari na chupa zote anazotumia.

Kemo ikiisha

Uboho hurudi polepole na vipimo huendelea. Huu ndio wakati wa kuuliza tena habari ya ferritini kwa aliyeongezewa damu mara nyingi, na vitamini D kwa aliyetumia steroidi. Dawa ikibaki kwenye kabati, rudisha kwa mfamasia. Multivitamini ya kawaida ya watoto, iliyokuwa na mgogoro kwa sababu ya folati, sasa inaweza kuulizwa upya. Daktari atasema methotreksati imetoka kwenye ratiba tangu lini na kama mtoto anaihitaji hata kidogo. Anayekula vizuri na kukua kwenye mstari wake wa chati ya ukuaji, mara nyingi haihitaji.